Warsha ya walimu wa Kiswahili wa kujitolea ughaibuni: siku mbili, pauni 900, tuanzie wapi?

Swali: "Naratibu darasa la Kiswahili la kila Jumamosi hapa Coventry, Uingereza. Tuna watoto 58 wa miaka 4 hadi 13 na walimu 16 wa kujitolea: Watanzania, Wakenya, Wakongomani kutoka Bukavu na Goma, na Mrundi mmoja. Wawili tu ndio waliosomea ualimu. Watoto wanaelewa Kiswahili lakini wanajibu kwa Kiingereza, na walimu hawakubaliani Kiswahili kipi kifundishwe. Tumechanga pauni 900. Tunafikiria warsha ya siku mbili mfululizo mwezi Agosti, na tumlete mhadhiri kutoka Dar es Salaam. Tuanzie wapi?"

Jibu: Dada, kabla ya kuongeza chochote, futa mambo mawili kwenye mpango huo: siku mbili mfululizo, na tiketi ya ndege ya mhadhiri.

Nauli ya kwenda na kurudi peke yake inaweza kumaliza mchango wote. Juu yake kuna viza, ambayo kwa kawaida huchukua wiki tatu kutolewa uamuzi tangu mwombaji atoe alama za vidole. Na viza ya mgeni ina masharti juu ya kufanya kazi na kulipwa akiwa huko, kwa hiyo hata ile bahasha ya shukrani inaweza kuleta maswali. Mhadhiri atawafaa zaidi kwa dakika 40 za video kuliko kwa siku mbili za kusimama mbele.

Kuhusu siku mfululizo: mwalimu akijifunza mbinu kumi Jumamosi na nyingine kumi Jumapili, Jumatatu anakwenda kazini kwake, na darasa likifunguliwa anarudia alivyofundishwa yeye shuleni. Gawa siku hizo. Ya kwanza iwe Jumamosi ya mwanzo wa Septemba, wiki moja kabla darasa halijafunguliwa. Ya pili iwe Jumamosi ya likizo fupi ya mwishoni mwa Oktoba. Katikati hapo kila mmoja amefundisha Jumamosi tano au sita, na anarudi akiwa na maswali yake mwenyewe. Agosti nusu ya walimu watakuwa wamekwenda nyumbani kusalimia.

Kabla ya warsha: hesabu vinywa

Usianze na hojaji ya kuwauliza walimu wangependa kufundishwa nini. Wataandika "sarufi" na "mbinu za kisasa", na hutapata pa kushika. Mwezi Juni au Julai, kabla darasa halijafungwa, tuma watu wawili wakae nyuma ya kila darasa kwa dakika 15 wakiwa na karatasi yenye safu mbili. Kila mwalimu akitoa sentensi ya Kiswahili, chora mkwaju (/) mmoja upande wake. Kila mtoto akitoa sentensi ya Kiswahili, hata ya maneno mawili, mkwaju upande wa pili. Kuimba pamoja na kurudia kwa pamoja havihesabiwi. Usiandike jina la mwalimu, andika rika la watoto tu.

Karatasi hizo ndizo zitakazokuambia warsha ihusu nini. Kama watoto wanaelewa lakini hawasemi, utakuta safu ya mwalimu imejaa na ya watoto ina mikwaju miwili mitatu. Basi warsha yako ina lengo moja: kuhamisha mikwaju kutoka safu ya kwanza kwenda ya pili. Mada yoyote isiyosaidia hilo, hata iwe nzuri namna gani, ingoje mwaka ujao. Historia ya lugha, fasihi simulizi, methali: zinapendeza masikioni na zinakula saa nzima.

Siku ya kwanza

Andika saa kwa namna zote mbili kwenye mwaliko: "saa 4:00 asubuhi, yaani 10:00". Kuna mwalimu atakayesoma "saa 4" kwa macho ya Kiingereza akafika mnafunga milango. Kodi ukumbi kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni, ingawa warsha ni saa 4 hadi saa 10 na nusu. Wanaokodi kwa saa zile zile za warsha hujikuta wanapanga viti huku watu wamesimama mlangoni, na jioni wanaosha sufuria huku mlinzi akitikisa funguo.

Ratiba inayotosha ni hii:

4:00 – kujiandikisha, chai
4:20 – somo la lugha ngeni
4:50 – mbinu tatu za kumfanya mtoto aseme
5:50 – Kiswahili kipi?
6:30 – usalama wa watoto
7:05 – chakula na sala
8:00 – kufundisha kwa majaribio, mizunguko miwili
10:00 – makubaliano ya wiki sita
10:30 – kufunga

Chakula kimewekwa saa saba na dakika tano kwa sababu mwanzoni mwa Septemba ndipo adhuhuri inapoingia huko. Tenga kona safi yenye nafasi ya watu watano na uonyeshe mapema pa kutawadhia. Mgeni rasmi, kama hamuwezi kuishi bila yeye, aongee wakati watu wanakula. Hotuba ya ufunguzi ya "dakika tano" ndiyo inayoua ratiba nyingi za semina zetu. Na saa 4:20 ikifika anza, hata kama wamefika sita. Somo la lugha ngeni limewekwa hapo makusudi: ni tamu, watakaocheleweshwa na basi watalisikia likisimuliwa, na siku ya pili watawahi.

Somo lenyewe liko hivi. Tafuta mtu mmoja anayejua lugha ambayo wengine wote hawaijui, Kinyakyusa au Kihaya kwa mfano. Kwa dakika 12 awafundishe walimu maneno matano kwa lugha hiyo tu, bila tafsiri. Dakika 5 za kwanza afanye vibaya kusudi: aongee haraka, aandike ubaoni, aulize mmoja mmoja, akemee anayekosea. Dakika 7 zinazofuata afanye vizuri: aonyeshe vitu, atende, arudie, asubiri. Kisha uliza swali moja: ulijisikiaje, na wakati gani ulithubutu kufungua kinywa? Hakuna mhadhara unaofikia hapo. Mwalimu aliyeaibishwa kwa Kihaya anamwelewa mtoto anayeona haya kwa Kiswahili.

Mbinu tatu, si kumi

Ya kwanza ni amri za vitendo. Mwalimu anasema "simama, gusa mlango, kaa" huku akitenda pamoja na watoto. Kisha anasema bila kutenda. Hatua ya tatu, ambayo walimu wengi huiacha, ndiyo yenye faida: mtoto anakuwa mwamrishaji, na mwalimu ndiye anayeinuka na kukaa. Mtoto wa miaka sita akigundua kwamba anaweza kumrusharusha mwalimu kwa Kiswahili, hanyamazi tena.

Ya pili ni ngazi ya maswali. Swali la "Hii ni nini?" ni gumu kwa mtoto anayeelewa bila kusema, kwa sababu neno lenyewe ndilo linalomkwama. Shuka ngazi: "Hii ni embe?" anajibu ndiyo au siyo. Panda: "Hii ni embe au ndizi?" sasa neno umeshampa mkononi, kazi yake ni kulirudisha. Panda tena: "Nani anapenda embe?" Mwisho: "Niambie unavyokula embe." Baada ya kila swali mwalimu ahesabu moja hadi tano moyoni kabla ya kusema tena. Wengi hawafikishi mbili. Wanajibu wenyewe, na mkwaju unaandikwa upande wao.

Mtoto akijibu kwa Kiingereza, usijifanye hukusikia wala usimkemee. Mrudishie jibu lake kwa Kiswahili likiwa na tundu: "Aha, jana ulikwenda kwa… kwa nani?" naye ajaze. Kujifanya huelewi Kiingereza kunafaa kwa wa miaka minne. Wa miaka kumi anajua unadanganya.

Ya tatu ni hadithi ya picha, ukurasa mmoja usio na maandishi. Simulia mara moja sawasawa. Simulia mara ya pili ukikosea makusudi: mbuzi umwite kuku, shangazi umwite babu. Watoto watapiga kelele kukusahihisha, na kusahihisha ni kusema. Mara ya tatu wasimulie wao, kila mmoja sentensi moja. Picha zipo bure: tovuti ya African Storybook ina hadithi nyingi za Kiswahili zenye leseni huria, unaruhusiwa kuzichapa, na unaweza kuziba maandishi kwa ukanda wa karatasi. Vitabu vya maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania navyo ni vya kusoma bure, lakini angalia: kitabu cha darasa la kwanza kimeandikiwa mtoto ambaye tayari anazungumza Kiswahili mtaani. Mpe mtoto wa Coventry wa miaka saba na atazama. Kichukulie kama ghala la picha na maneno, usikifuate ukurasa kwa ukurasa.

Kiswahili kipi?

Msipolimaliza hili mapema litarudi kila Jumamosi. Mapendekezo yangu: kwenye daftari na kitabu, Kiswahili sanifu. Kinywani, Kiswahili cha nyumbani kwa mtoto kinapokelewa. Mtoto wa Bukavu akisema "batoto" au "nakuya", mwalimu haandiki kosa wala hacheki. Anasema, "Nyumbani mnasema batoto, hapa kwenye daftari tunaandika watoto." Ukimwambia mtoto kwamba Kiswahili cha bibi yake ni kibovu, hutamsikia tena, na mama yake pia hutamwona.

Kwa maneno yanayotofautiana, Wakenya na Watanzania waandike orodha moja pamoja ukutani kwa dakika 15: penseli na kalamu ya risasi, kompyuta na tarakilishi, daladala na matatu. Msichague mshindi. Mtoto ajifunze moja la kusema na la pili la kuelewa. Shikamoo nayo iwekwe mezani: kwa Mtanzania ni adabu ya lazima, kwa Wakongomani na Wakenya wengi wa bara si salamu ya kila siku. Amueni kama watoto wote wataisema mlangoni au la, ila isiwe kila mwalimu na yake.

Ngeli ndipo panapowaka moto. Watanzania wengi walisoma M-WA, M-MI, JI-MA, yaani kwa umbo la nomino. Wakenya wanataja A-WA, U-I, LI-YA, kwa upatanisho. Kwa watoto walio chini ya miaka kumi msitaje majina ya ngeli kabisa; wasikie "kiti changu kimevunjika, viti vyangu vimevunjika" hadi sikio lizoee. Walimu wachague mfumo mmoja wa kuandalia masomo, na kwa kazi hii upatanisho unasaidia zaidi, kwa sababu jina lenyewe ndilo jibu. "Kifaru amelala", "kijana amekuja", "ng'ombe wamelala": ukitazama umbo utapotea, ukitazama A-WA umefika.

Somo la saa ninalitaja peke yake kwa sababu walimu hulipuuza kisha likawashinda. Nyumbani tunamweleza mtoto kwamba saa moja asubuhi ni jua likichomoza. Coventry mwezi Desemba jua linachomoza saa mbili na kitu na kutua kabla ya saa kumi; Juni linatua kwenye saa tatu na nusu. Mtoto akiangalia dirishani, maelezo yako yameanguka. Tumia saa ya ukutani ya mishale: mshale mfupi unaonyesha namba ya Kiingereza, na namba iliyo upande wa pili kabisa ndiyo ya Kiswahili. Saba inaitazama moja, kumi inaitazama nne. Anza na saa kamili tu, ukitumia sahani za karatasi na mishale miwili ya kadibodi.

Usalama wa watoto

Dakika 35, na zisikatwe hata mkichelewa. Kila anayefundisha awe na hati ya DBS (ukaguzi wa serikali wa rekodi ya makosa ya jinai) ya kiwango cha juu. Kwa wa kujitolea haina ada ya serikali, ila kikundi kidogo hupitisha maombi kwa taasisi wakala, na wakala anaweza kutoza gharama yake. Hati hiyo haioni rekodi za nje ya Uingereza, kwa hiyo mwalimu aliyehamia karibuni aombwe pia cheti cha tabia njema cha polisi wa kwao. Kanuni za darasa: mtu mzima asibaki peke yake na mtoto ndani ya chumba kilichofungwa, hakuna ujumbe wa WhatsApp wa moja kwa moja kwa mtoto, hakuna fimbo, kofi, kuvuta sikio wala kupiga magoti. Zitaje adhabu hizo waziwazi, maana wengi wetu tulilelewa nazo na mkono unajua njia. Mtoto akifunua jambo zito, usimwahidi siri. Andika maneno yake kama alivyoyasema, umpelekee msimamizi wa usalama siku hiyo hiyo.

Walimu wengi ni wazazi pia, na mwenye mtoto wa miaka mitatu hatakuja kama hakuna pa kumweka. Andaa chumba cha watoto chenye watu wazima wawili wenye DBS, wasio washiriki. Hili linarudisha akina mama wengi kuliko tangazo lolote.

Kufundisha kwa majaribio

Hizi saa mbili ndizo warsha yenyewe. Walimu 16 wakifundisha mmoja mmoja mbele ya wote, dakika 8 za somo na 7 za maoni, ni saa nne, na kuanzia wa sita watu wanasinzia. Wagawe makundi manne ya watu wanne. Kila kundi linamaliza mzunguko mmoja kwa saa moja, kisha mnarudia mzunguko wa pili: mwalimu yule yule, somo lile lile, akiwa amerekebisha jambo moja. Mzunguko wa pili ndio unaofundisha. Wa kwanza unaonyesha tu.

Changanya makundi: Mkenya, Mtanzania, Mkongomani, na wale wawili waliosomea ualimu wasikae pamoja. Katika watatu wanaoigiza watoto, mmoja apewe kikaratasi cha siri: "Wewe jibu kila kitu kwa Kiingereza." Mwingine ahesabu mikwaju. Maoni yafuate mpangilio: kwanza aliyefundisha aseme mwenyewe, kisha mhesabu asome mikwaju, halafu kundi litoe pendekezo moja tu. Mapendekezo matano ni lawama.

Unahitaji vyumba viwili angalau. Makundi manne yakiimba ndani ya ukumbi mmoja, hakuna anayesikia. Na ukialika 16 tegemea 13: makundi matatu ya watu watatu na moja la wanne yanakwenda vizuri. Pasiwe na kundi la wawili.

Mhadhiri kwenye video

Mweke siku ya pili, baada ya walimu kuwa na maswali. Wakati wa majira ya joto ya Uingereza, Dar es Salaam iko mbele ya Uingereza kwa saa mbili. Saa za Uingereza zikirudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, zinakuwa tatu. Kagua Jumamosi yenu iko upande gani. Mtumie maswali manne wiki mbili mapema, na mwombe arekodi dakika 15 za akiba atakazotuma siku tatu kabla, kwa ajili ya umeme kukatika. Faili ije kama hati kwenye WhatsApp, isije kama video ya kawaida, maana hubanwa ikafifia. Jaribu intaneti ya ukumbi kwa kusimama ukumbini, usiridhike na maneno ya aliyekukodisha.

Pauni 900

Mgawanyo wa mfano, kwa watu 20 pamoja na wasaidizi: ukumbi wa pauni 20 kwa saa, saa nane, siku mbili, 320. Chakula pauni 4 kwa kichwa kwa siku, 160. Makabrasha 20 yaliyochapwa na kubanwa, 60. Bango kitita, kalamu za wino mzito na utepe wa karatasi, 45. Picha, kadibodi na sahani za saa, 45. Shukrani ya mhadhiri, 120. Nauli za wanaotoka mbali, 60. Dharura 90, na usiiguse mpaka siku ya pili ipite.

Pauni 4 inatosha kama mtapika pilau wenyewe: mchele kilo 2.5 na nyama kilo 3 zinawalisha watu wazima 20 pamoja na kachumbari. Nyama iwe halali ili wote wale sufuria moja, mtenge sinia dogo lisilo na nyama, na muulize mapema kuhusu mzio wa karanga. Muulize pia mwenye ukumbi kama jiko lake linaruhusu kupika au kupasha tu. Posho ya kukaa, ile ya semina za nyumbani, msianzishe. Nauli irudishwe kwa risiti siku hiyo hiyo, kwa fedha taslimu. Mtu wa kujitolea anayesubiri pauni 6 zake kwa mwezi mzima haji mara ya pili.

Wiki sita katikati, na siku ya pili

Siku ya kwanza ifungwe kwa kila mwalimu kuandika kwenye kadi mbinu moja atakayoitumia kila Jumamosi. Moja. Kisha wapange jozi: kila mmoja amtembelee mwenzake mara mbili kwa dakika 15 na karatasi ile ya mikwaju. Jozi zisiwe za marafiki wa siku nyingi, watasifiana. Andalio la somo nalo liwe nusu ukurasa: maneno manane mapya, amri, maswali ya ngazi nne, hadithi. Mkiwapa fomu ndefu ya vyuo vya ualimu, kufikia wiki ya tatu wataijaza baada ya somo.

Siku ya pili ianze kwa kubandika ukutani mikwaju ya Julai na ya Oktoba, kwa rika. Kwa kawaida darasa la miaka minne hadi sita ndilo linalopanda haraka. La miaka kumi hadi kumi na tatu hubaki palepale, kwa kuwa wanaoneana haya. Hao wapewe nusu ya siku hiyo: mahojiano ya simu na bibi nyumbani, kutafsiria wadogo, kuandaa kipindi cha redio cha kubuni. Majaribio ya mchana yawe ya masomo yaliyoshindikana kweli katika wiki hizo sita. Mada za kubuni zilikwisha siku ya kwanza.

Vyeti toeni siku ya pili, kwa aliyehudhuria zote mbili na kutembelea mwenzake mara mbili. Vikitolewa siku ya kwanza, Oktoba mtakuwa tisa.